Fundi Pua na Gari la Nesi

Nyuma ya ghala la saruji kulikuwa na karakana ya magari, uwanja wa udongo uliokolea oili mpaka mvua ikinyesha maji yanateleza juu bila kuzama. Mafundi walikuwa wanane, na kila mmoja aliitwa kwa kazi yake. Aliyeziba matairi aliitwa Matairi. Mwanamke aliyetengeneza stata, taa na kila chenye umeme aliitwa Dada Waya. Mkubwa wao, ambaye uwanja ulikodishwa kwa jina lake, aliitwa Fundi Pua.

Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, wala hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu. Jina lilitokana na moshi. Gari likiletwa linakohoa, wenzake walikimbilia spana, yeye aliinama nyuma kwenye bomba la moshi, akajipepea ule moshi usoni kwa kiganja kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, halafu akasema, "Hii inakula oili," au, "Petroli haiungui yote. Fungua plagi ya tatu." Plagi ya tatu ikifunguliwa, kweli bwana, imelowa. Kwa miaka ishirini na miwili watu walitoka mbali kumletea magari yaliyowashinda wengine, na wengine walikuja kumtazama tu akinusa.

Basi pua hiyo ilikuwa imekufa.

Ilikuwa ni mafua, tena mafua ya kawaida, yaliyomlaza siku tisa. Alipoinuka kitandani kikohozi kilikuwa kimekwisha na nguvu zikarudi, lakini harufu hazikurudi. Akangoja wiki, akangoja mwezi. Siku moja alijifungia chooni na kitunguu kilichokatwa, akakibandika puani mpaka machozi yakamtiririka. Machozi yalikuja, harufu haikuja. Akanusa dumu la mafuta ya taa. Akanusa soksi zake mwenyewe alizozivaa siku nne. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Hakumwambia mtu. Seremala akikatika kidole watu humpa pole na kumchangia nauli ya hospitali; yeye angepewa nini zaidi ya kicheko? Hata mkewe hakumwambia. Pale karakana aliendelea kuinama, kupepea na kufumba macho, huku akilini akipiga ramli. Alitazama rangi ya moshi, akamhoji mwenye gari maswali ya pembeni, akasikiliza mlio, kisha akatoa neno. Mara nyingi alipatia, kwa kuwa miaka ishirini na miwili si mchezo. Alipokosea, alisema gari lilikuwa na magonjwa mawili.

Miezi mitatu ikapita hivyo, mpaka asubuhi moja ya Jumanne alipokuja Nesi.

Alikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto, mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, na lilisafishwa kila siku; alikuwa ameliacha pale karakana tangu jioni, ili liwashwe likiwa baridi.

"Fundi, asubuhi nikiwasha inawaka, inatetemeka kidogo, halafu inazima," alisema. "Nikiwasha tena inatoa moshi mweupe, mwingi, mpaka majirani wanadhani nachoma takataka. Ikishapata moto inatulia. Nakuomba uiangalie vizuri, maana Alhamisi ya wiki ijayo nampeleka mama hospitali ya macho akapasuliwe. Amengoja zamu miezi minane."

"Miezi minane?"

"Daktari wa upasuaji huo huja mara moja kwa msimu."

"Ondoa shaka, dada. Limefika lilipotakiwa kufika."

Akapiga stata. Injini ikawaka, ikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ikazima. Akawasha tena, mguu kwenye mafuta, na nyuma ya gari likafumka wingu jeupe lililomfunika Matairi na matairi yake. Mafundi wakaacha kazi, wakasogea. Sinema ilikuwa inaanza.

Fundi Pua akaenda nyuma, akainama, akapepea, akavuta pumzi ndefu. Alihisi joto na unyevu usoni, basi. Moshi mweupe namna ile, alijua vizuri, una sababu mbili kubwa. Ama petroli inaingia nyingi na kutoka mbichi, ama maji ya rejeta yamepata upenyo na yanaingia ndani ya silinda. Petroli mbichi hunuka ukali wa kuchoma koo. Maji ya rejeta, kwa ile dawa ya kijani inayotiwa ndani yake, hunukia utamu. Mtoto mdogo angeyatenganisha. Yeye akavuta tena pumzi, akafumba macho, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo Dada Waya alipopita amekumbatia betri kifuani. Akasimama.

"Fundi, mbona moshi huu unanukia utamu?" alisema, bila nia mbaya yoyote. "Kama sukari inayoungua. Isije ikawa maji ya rejeta yanaingia ndani."

Watu wote wakamgeukia Dada Waya, halafu wakamgeukia Fundi Pua. Kwa muda mfupi alimshukuru Mungu, maana jibu alikuwa ameletewa mkononi. Lakini alipoona macho ya wale watu, na Nesi akiwa katikati yao, alichokisikia si jibu bali mtu anayemvua nguo hadharani.

"Dada Waya," alisema polepole, akijinyoosha, "hiyo uliyonayo ni pua ya jikoni. Umezoea kunusa vyungu. Hapa ni karakana. Rudi kwenye nyaya zako, wali ukiungua tutakuita."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Matairi alicheka mpaka akashika mbavu. Dada Waya aliitua betri chini, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Samahani, fundi," akaiinua tena na kwenda zake kwenye kona yake.

"Ni nozeli," Fundi Pua alitangaza. "Zinavuja, zinamimina petroli mbichi."

Angeweza kufungua kifuniko cha rejeta. Injini ilikuwa bado ya baridi, kifuniko kilikuwa pale mbele ya tumbo lake, na kukifungua ni kazi ya kupiga chafya. Kama maji yamepungua, angeona. Kama yanatoa mapovu injini ikiunguruma, angeona vilevile. Mkono wake ulikisogelea. Kisha akamwona Dada Waya kule konani ameinua kichwa, anatazama, na mkono ukaenda kwenye nozeli.

Akazifungua zote nne, akazisafisha, akabadilisha plagi. Hata zile plagi kuukuu hakuzitazama vizuri. Moja ilikuwa safi kama iliyooshwa kwa sabuni, na fundi yeyote anajua plagi inayooshwa hivyo huoshwa na maji. Alizitupa kwenye kopo pamoja na nyingine. Alasiri gari likawaka mara moja, likanguruma kwa utulivu bila moshi, kama linavyofanya gari lolote lenye ugonjwa ule likishapata moto. Nesi akashukuru, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata Nesi akapiga simu.

"Fundi, asubuhi bado inazima mara moja kabla ya kukubali. Na moshi bado upo, ingawa si kama ule."

"Hiyo ni kawaida, dada," alisema Fundi Pua. "Nozeli zinazoea."

Nozeli zinazoea! Alipokata simu aliyasikia maneno yake mwenyewe, masikio yakamwaka moto. Katika maisha yake hakuwahi kusikia nozeli iliyozoea kitu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, akajiambia kwamba kesho atampigia amwambie alilete. Kesho kukawa na lori la mchanga lililokatika springi. Keshokutwa akasahau, au alijifanya amesahau. Yeye mwenyewe hakujua ni lipi kati ya hayo.

Alhamisi, saa nane mchana, gari jeupe liliingia karakana likivutwa kwa kamba na lori la mbao.

Habari ilisimuliwa na dereva wa lori, kwa sababu Nesi alikuwa hana nguvu ya kusimulia. Ile barabara ina mlima mrefu kabla ya kufika mjini. Katikati ya mlima sindano ya joto ikaanza kupanda. Nesi akaiona. Alitazama saa, akamtazama mama yake kwenye kiti cha nyuma, akajiambia fundi amesema ni kawaida, amebakiza maili chache tu. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti na injini ikakata. Walikaa juani kando ya barabara saa tatu, bibi kizee mwenye ukungu kwenye macho mawili akiuliza kila baada ya muda, "Tumefika?" Lori lilipopatikana, zamu yao ilikuwa imekwisha kuitwa na kupita. Bibi alikuwa ameshushwa nyumbani. Nesi alikuja na gari.

Mafundi wote walikuwa wamesimama. Fundi Pua alifungua boneti. Rejeta ilikuwa kavu kama mtungi uliotoboka. Akaichomoa fimbo ya kupimia oili, na oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuhitaji kunusa kitu. Maji yalikuwa yakiingia ndani tangu siku ile ya kwanza.

Pale ndipo angesema kweli. Hata baadaye, alipokuwa akiirudia siku ile kichwani, alijua kwamba mlango ulikuwa wazi pale. Badala yake alisikia sauti yake ikipanda.

"Sindano ilipanda, na wewe ukaendelea kukanyaga mafuta? Dada, gari si punda kwamba ukimchapa atafika. Na maji? Lini mara ya mwisho umetia maji?"

Nesi alimtazama kana kwamba hakusikia sawasawa. "Nilikupigia simu," alisema.

"Uliniambia inazima. Hukuniambia inakunywa maji. Mimi ni fundi, si mganga wa kuona ya mbali."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akasema, "Kina mama na maji ya rejeta, jamani!" Nesi akachukua kitambulisho chake cha kliniki kilichoning'inia kwenye kioo, akachukua shali ya mama yake kwenye kiti cha nyuma, akaikunja vizuri mara nne, akaondoka kwa miguu.

Dada Waya alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, koleo mkononi. Fundi Pua alimngojea aseme. Alikuwa tayari kabisa na jibu la kumjibu. Lakini Dada Waya alimtazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani ambacho hakuwa na haja ya kukisoma mara mbili, kisha akageuka. Afadhali angemtukana.

Jioni alifika nyumbani amechoka mwili na roho. Mkewe alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua, siku tano sasa, na Fundi Pua alikuwa akiishi kwa mkate na chai. Akabandika maji, akaketi mezani. Alikuwa katikati ya kikombe cha pili mlango ulipofunguliwa na mkewe akaingia na mfuko wake. Hakufika hata katikati ya chumba. Aliziba pua kwa mtandio na kurudi nyuma mpaka kizingitini.

"Baba watoto! Kuna nini humu?"

"Karibu, mama watoto. Kuna nini kwani?"

"Unaniuliza mimi? Nyumba inanuka maiti!"

Aliacha mfuko nje, akafungua madirisha yote, akaanza kuvuta vitu. Nyuma ya kabati la vyombo, hatua moja kutoka kwenye kiti alichokalia mumewe, palikuwa na panya mkubwa, amevimba, amekufa labda siku nne zilizopita. Mama watoto alimtoa kwa koleo la taka huku amegeuza uso, akamzika uani, akarudi na maji ya dawa, akasugua sakafu. Fundi Pua alikuwa bado amekaa na kikombe chake. Hakujua asimame au asisimame.

Alipomaliza, mkewe alikaa upande wa pili wa meza akamtazama.

"Husikii harufu," alisema. Halikuwa swali.

Alitaka kusema ni uchovu, ni mafua yamerudi. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

Mama watoto akahesabu kwa vidole, taratibu. Fundi Pua alitegemea atacheka, kwani alikuwa mwanamke mcheshi; panya peke yake angetosha kuchekesha mtaa wiki nzima. Badala yake machozi yalimlengalenga.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu nakupikia unasukuma sahani kama mtu aliyepewa makaratasi. Nimebadilisha mafuta. Nimebadilisha viungo. Nimekwenda kwa jirani kumuuliza anaungaje mboga, mimi, kwa umri huu! Nikajiambia, mume wangu amenichoka, hajui aanzie wapi kuniambia. Kumbe ungesema neno moja tu."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Pua uliiba?"

Alitazama kikombe. Hapo, bila kuulizwa, akamweleza habari ya Nesi, yote, kuanzia wingu jeupe mpaka shali iliyokunjwa mara nne. Alipofika kwenye ile ya pua ya jikoni alitaka kuiruka, lakini mkewe alimngojea, ikabidi aiseme. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alisimama akachukua mfuko wake kule nje.

"Kesho ni Ijumaa," alisema. "Nesi hurudi kutoka kazini saa tisa. Nitakupigia pasi shati."

Nyumba ya Nesi ilikuwa ya vyumba viwili, na mbele yake kibaraza cha saruji. Bibi alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage kwa vidole, sinia mapajani. Alikuwa akiyatambua mawe kwa kuyagusa.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi Pua.

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo? Sikuoni, naona kivuli tu."

"Mimi ni fundi. Fundi wa gari."

Vidole vikasimama juu ya sinia. "Yule aliyesema binti yangu hajui kutia maji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya," alisema bibi, na kuendelea kuchambua.

Nesi alitoka ndani bado amevaa sare. Hakumkaribisha kukaa, na yeye hakukaa. Akasema aliyokuja kusema. Alisema lilikuwa kosa lake tangu mwanzo, maji yalikuwa yakivuja ndani siku ile ya Jumanne, Dada Waya alimwambia na yeye akamnyamazisha. Alisema pua yake ilikufa miezi mitatu iliyopita na amekuwa akidanganya watu. Alisema Alhamisi alijua ukweli alipofungua tu boneti, na bado akamtupia yeye lawama. Maneno hayo ya mwisho yalitoka kwa shida kuliko yote, kama boliti iliyoshika kutu.

Swali la kwanza la Nesi likawa la kazi yake.

"Miezi mitatu husikii harufu, hukwenda hata kliniki?"

"Sikwenda."

"Mimi nipo pale kila siku. Ungekuja." Akavuta pumzi. "Lakini pua siyo iliyoniudhi, fundi. Mtu haulizwi kwa nini ameugua. Wewe uliniumbua mbele ya uwanja mzima. Jana nimepita dukani, mwenye duka ananiuliza, eti nesi, uliunguza gari kwa kukosa maji? Ulinitukana kwa kipaza sauti, leo unakuja kuniomba radhi kwa kunong'ona kibarazani. Wale waliokusikia wataambiwa ukweli na nani?"

Fundi Pua alitazama viatu vyake. Alikuwa amevisafisha.

"Nitawaambia mimi."

"Basi uwaambie," alisema Nesi. "Halafu tutazungumza habari za gari."

Siku mbili za kungoja Jumatatu hazikuisha. Alitunga maneno kitandani, akayatunga akioga, na kila alipoyatunga yalikuwa na kona ya kujificha: kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba kazi zilimzidi, kwamba mtu yeyote angeweza kukosea. Mkewe alimwambia ayapunguze. "Maneno ya toba yakizidi huwa hesabu ya kujitetea," alisema.

Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wa chai, mafundi walikuwa wamekaa juu ya matairi na masanduku, vikombe mikononi. Fundi Pua akasimama katikati. Akaweka mkono juu ya boneti la gari jeupe.

"Jamani, nina neno," alisema. "Gari hili halikuunguzwa na Nesi. Nimeliunguza mimi. Lilipokuja lilikuwa na gasketi ya hedi iliyoungua, maji yanaingia ndani. Nikasema nozeli. Dada Waya alisikia harufu akaniambia, na mimi nikamtukana, maana mimi sikusikia kitu. Sisikii harufu yoyote. Miezi mitatu sasa. Mnaponiona nainama pale nyuma, nawadanganya."

Matairi alishusha kikombe chake.

"Yoyote?" aliuliza Matairi. "Hata lile shati langu la wiki jana?"

Watu wakacheka, na Fundi Pua naye akajikuta anatabasamu, lakini tabasamu lilimkauka usoni. Alijua watakaporudi majumbani wataisimulia hadithi hii, na itatembea kuliko alivyotembea yeye. Kijana wa kupaka rangi alikuwa anamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Akavuka uwanja mpaka kwenye kona ya nyaya.

"Dada Waya. Nakuomba radhi. Ulisema kweli nami nikakudhalilisha."

Dada Waya alikuwa ameshika stata iliyofunguliwa. Hakuiweka chini.

"Siku ile nilikwenda nyumbani nikanawa mikono mara tatu," alisema kwa sauti ya kawaida, lakini uwanja wote ulisikia. "Binti yangu akaniuliza, mama, umeshika nini? Nikamwambia oili. Nimefanya kazi hapa miaka sita, fundi. Sijawahi kuleta chungu."

"Najua."

"Na hukuhitaji pua yangu wala yako. Ungefungua tu kifuniko cha rejeta. Nilikuona ukikitazama."

"Nilikitazama," alikiri. "Sikukifungua kwa sababu wewe ndiye uliyesema."

Dada Waya akatikisa kichwa polepole. "Nimekusikia," alisema, akainamia stata yake. Hakusema amesamehe. Wala Fundi Pua hakuwa na uso wa kumuuliza.

Wiki ile nzima Fundi Pua alilifanya gari la Nesi peke yake. Aliinyanyua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, akaona gasketi ilipoungua kati ya silinda ya pili na njia ya maji, alama nyeusi isiyozidi upana wa ukucha. Hedi yenyewe ilikuwa imepinda kwa joto. Akaibeba begani mpaka kwa mchonga vyuma, ikasawazishwa. Akabadilisha gasketi, akamwaga ile oili ya rangi ya chai mara mbili, akasafisha njia zote za maji. Mchana wengine walipokula pamoja, yeye alikula pembeni, si kwa kufukuzwa, ila kila alipokaribia mazungumzo yalibadilika. Siku ya Alhamisi Dada Waya alikuja bila kuitwa, akakagua waya wa kipimo cha joto ambao ulikuwa umeyeyuka nusu, akaubadilisha, akaondoka. Walisemezana maneno manne: "Nipe taa." "Hii hapa."

Nesi alikuja Jumamosi. Aliwasha mwenyewe, injini ya baridi. Ikawaka, ikashika, haikutetemeka. Alishuka akaenda kusimama nyuma kwenye bomba la moshi akatazama kwa muda. Hapakuwa na kitu. Akawasha mara ya pili na ya tatu. Fundi Pua alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari.

"Iko vizuri," alisema Nesi. "Ahsante."

"Na mama? Zamu yake?"

"Nimembembeleza mtu. Amepata baada ya wiki kumi."

"Wiki kumi," alirudia.

"Fundi, nikuambie kabisa ili usije ukaningojea. Kuanzia sasa nitakuwa napeleka gari kwa fundi wa karibu na kliniki. Nimesikia uliyoyasema hapa, nimeambiwa na watu watatu. Nimeridhika. Lakini nikikaa ndani ya gari hili na wewe ndiye uliyeniambia liko salama, sitatulia."

"Ni haki yako, dada."

Alimfungulia geti mwenyewe.

Mambo hayakuharibika kama alivyoogopa, wala hayakurudi yalivyokuwa. Wateja wengine walipungua. Waliobaki walimwona akifungua vifuniko, akitoa plagi moja moja na kuzigeuzageuza kwenye mwanga, akiuliza, "Dada Waya, unasikia nini hapa?" na Dada Waya akija siku akiwa na nafasi, na siku hana nafasi akisema hana. Kliniki walimpa dawa ya kupulizia puani na kumwambia huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Nyumbani mkewe aliacha kuhangaika na viungo, akaanza kumpikia vitu vya kutafuna, vyenye sauti mdomoni.

Mwezi wa tatu baada ya hayo, asubuhi, bibi mmoja aliingia karakana taratibu akiwa amevaa miwani myeusi. Alikuwa peke yake. Alisimama kivulini mwa ghala, akavua ile miwani, akaupitishia macho uwanja mzima, kutoka kwa Matairi mpaka kwa wapaka rangi, kama mtu anayetafuta bei sokoni.

"Fundi aliyekuja kwangu ni yupi?"

Mafundi wakaonyesha. Fundi Pua alitoka chini ya gari akajifuta mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamkazia macho, macho safi, yenye wekundu kidogo pembeni. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani bila haraka. Fundi Pua alijilazimisha kusimama atazamwe, lakini shingo ilimshinda, akainamisha uso.

"Hee," alisema bibi. "Kwa yale maneno uliyomrushia binti yangu, nilidhani ni mtu mkubwa."

Akavaa miwani yake, akamuuliza Dada Waya njia ya kwenda kituo cha basi, akaondoka. Fundi Pua alibaki amesimama juani mpaka mwenye gari alipomwita mara ya pili.